Nyuzi za Utumbo

Haya yalimpata shemeji yangu, mpiga besi kubwa ya kusimama, ile inayochapwa mpaka nyuzi zigonge mbao. Alikwenda na besi yake kwenye duka la fundi wa ala kutafuta nyuzi mpya.

“Za chuma zitakuchuna vidole,” fundi alimwambia. “Chukua hizi za utumbo.”

“Utumbo wa mnyama gani?”

“We jaribu tu, bwana.”

Alizifunga, akazijaribu katika chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, fundi akiwa kando yake. Zilikuwa laini, zikalia vizuri. Ghafla umeme ukakatika. Shemeji akaiegemeza besi ukutani, akarudi nyuma. Gizani nyuzi zikaendelea kuchapa, tena kwa kasi, na kwa kila pigo fundi alipiga yowe.

Taa zilipowaka, fundi alikuwa kifudifudi sakafuni, shati limeraruka, mgongo umechanwa michirizi minne. Nyuzi zote nne zilikuwa bado zinatetemeka, zikidondosha damu.