Kiti cha Nyuma cha Daktari

Waliosema asiyekuwepo machoni na moyoni hayupo hawajawahi kuonja wivu. Yule Daktari wa mifugo, Sindano hakuwahi kumwona hata kisigino, na bado alikuwa amemjaa moyoni hadi chakula kikakosa pa kupita.

Sindano alikuwa mshona viti vya pikipiki, ila jina alilipata kwa ajili ya ulimi wake, si kwa ajili ya kazi. Mwanamume wake, fundi pikipiki, walimwita Springi. Walikutana mwaka uliopita kwenye duka la vipuri, Jumamosi, watu wamebanana kama njiti za kiberiti, wao wawili kila mmoja kashika upande wake wa jora la mwisho la ngozi nyeusi isiyopitisha maji.

"Dada, nimelishika mimi kwanza."

"Kwa mikono ya grisi? Huko si kushika, ni kuchafua."

"Sasa kiti cha mteja wangu nitashona na nini?"

"Utashona wewe? Niletee mimi, usimtese binadamu mwenzio."

Springi alicheka, akaachia jora, akaomba namba ya simu. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Springi aliunda pikipiki kubwa za safari ndefu, zile zinazopanda milima na kuvuka mito na masanduku ubavuni, na Sindano akazishonea viti.

Kisha akaja Daktari.

"Laazizi, leo sitafika," Springi alisema kwenye simu. "Nampeleka Daktari kujaribu pikipiki. Ya jana ilimwelemea. Ya leo nyepesi, lakini tangi dogo, na yeye huenda mbali."

"Na kesho?"

"Kesho ipo ya tatu."

"Anachagua pikipiki huyo, au anachagua mume?"

"Wewe nawe! Ana mguu mrefu tu, si kila pikipiki inamfaa."

Mguu mrefu! Sindano alikata simu, akautazama mguu wake mfupi mnene ukikanyaga pedali ya cherehani, akatamani kubadilishana na mtu.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mwishoni mwa ile ya tatu Springi aliingia na fremu ya kiti kwapani, ovaroli lake la buluu limefifia magotini, akaweka karatasi mezani.

"Kiti cha pikipiki ya Daktari. Cha watu wawili. Nakihitaji kabla ya Jumamosi, nina safari."

"Safari ya wapi?"

"Ndefu. Shona, bibie, usiniulize maswali."

Alipotoka, Sindano aliisoma karatasi. Vipimo vya mbele alivijua hata gizani. Vilikuwa vya Springi mwenyewe. Vya nyuma vilikuwa vya mwanamke. Upana wa makalio akikaa, sentimita arobaini na tatu. Uzito, kilo sabini na nane.

"Sabini na nane!" aliiambia cherehani. "Huyu ni daktari wa mifugo au ndiye mfugo wenyewe?"

Kisha akalia. Mwezi mzima Springi alikuwa akimwahidi safari ya kwenda kwa shangazi yake Sindano, aliyemlea kama mama, kilomita mia tatu, aende kujitambulisha rasmi. Kila akikumbushwa, husema subiri. Sasa ilieleweka kwa nini.

Alipomaliza kulia, alifanya kazi. Kiti cha mbele alikipa sponji nene, kwani mapaja yale bado aliyapenda, Mungu amsamehe. Cha nyuma alikitandikia vipande vitatu vya tairi kuukuu, juu yake sponji nyembamba kama chapa ya kidole, na katikati akapitisha mshono uliosimama kama uti wa samaki. Kwa macho, kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona. Kwa makalio, yeyote yule asingemaliza kilomita ishirini bila kumtaja mama yake.

Alhamisi alimkabidhi. "Mpelekee wako. Na mimi usinipigie tena."

Springi alikipachika kiti kwapani, akaondoka. Ijumaa simu haikulia. Sindano aliitazama siku nzima kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

Jumamosi asubuhi pikipiki ilinguruma mlangoni. Ndefu, rangi ya mchanga, vyuma vya kukinga injini mbele, masanduku mawili pembeni. Springi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi kofia mbili za usalama.

"Panda."

"Nikalie kiti cha mwenzangu? Sina shida hiyo."

"Daktari amepata ile ya tatu, kaondoka nayo na mume wake. Hii yake ya zamani kaniuzia mimi. Ni yetu. Nyuma pako."

"Na vile vipimo?"

"Vyako. Kila ulipopanda nyuma yangu nilipima springi imeshuka kiasi gani. Ndipo nikajua kilo. Makalio nilipima ulipolala."

Sindano alihisi uso ukiwaka. Angeweza kukiri papo hapo kuhusu tairi. Badala yake alifunga kilemba chake cha njano, akavaa kofia, akapanda kama malkia.

Kilomita ya tano alijifanya anatazama mandhari. Ya tisa aliegemea kushoto, ya kumi na moja kulia. Ya kumi na nne alisimama kabisa juu ya vikanyagio, ameshika mabega ya Springi kama dereva wa tingatinga. Springi aliegesha kando ya barabara, akavua kofia. Alikuwa anacheka hadi machozi.

"Nilikikalia Alhamisi hiyohiyo," alisema. "Dakika mbili tu nikajua. Nikasema acha mwenyewe aonje."

"Shetani wewe!"

"Na ungempa mwanamke wa watu hiki?"

"Ningempa."

"Kilomita mia tatu?"

"Mia tatu za kwenda. Na za kurudi."

Springi aliacha kucheka. Alitoa kijiboksi kidogo mfukoni, akakishika bila kukifungua. "Nilitaka nikuulize jambo kabla hatujafika kwa shangazi. Lakini sema samahani kwanza, mpenzi. Moja tu. Nijue naoa mtu, si nyigu."

Malori mawili yalipita, vumbi likawafunika, likatua. Sindano aliusugua mgongo wake, akakitazama kijiboksi, akamtazama mwenye nacho.

"Wiki tatu umenilaza na Daktari kitandani, kila usiku, na hujawahi kunifungulia mdomo. Nina wivu, ndiyo, na nitakuwa nao hata nikibaki na meno mawili. Jibu la swali lako ni ndiyo. Nivalishe, twende kwa shangazi. Samahani sina, wala sitaitafuta."