Usiku Anaamka Nani?

Mkojo ulikuwa bado haujatoka, lakini mkeshaji alishaujua. Kihisi chake kilisoma kibofu cha Karanga kwa mawimbi yasiyosikika, kikaona kimejaa. Mikono yake ya mpira ikamnyanyua mtoto wa mbwa kutoka kikapuni, ikampeleka barazani kwenye trei ya nyasi, huko juu kabisa ya maghorofa ya Tabora mpya.

"Haya, jisaidie mwanangu," mashine ilisema kwa upole.

Karanga akajisaidia, akapewa dagaa mmoja, akarudishwa kulala. Chumbani, Mhandisi Nyamizi hakugeuka hata ubavu.

Mkeshaji huyo Nyamizi alimuunda mwenyewe, na alijivunia. Majirani wenye mbwa walishinda na macho mekundu kwa kuamka usiku, kupiga deki na kugombania zamu. Yeye alilala fofofo, na sakafu yake ilikuwa kavu tangu Karanga aingie. Tena, kwa kuwa mhandisi hamalizi kazi bila kuongeza kitu ambacho hakuna aliyemwomba, aliipa mashine sauti yake mwenyewe, ili mtoto wa mbwa azidi kumzoea hata yeye akiwa usingizini.

Karanga aliletwa kwa sababu ya ukimya. Kalunde, dada wa Nyamizi aliyekuwa akiishi naye, alipata kazi kwenye migodi ya mwezini, akaenda. Nyamizi alichoka kupika chakula cha mtu mmoja. Alitaka tu awepo wa kumlaki mlangoni.

Jioni moja Kalunde alipiga simu ya video. Maneno yake yalichelewa kidogo njiani, kama kawaida ya simu za kutoka huko.

"Hebu nimwone huyo mwanao. Mwite."

"Karanga! Njoo kwa mama!"

Karanga akainua masikio, akatoka mbio huku mkia ukimchezacheza. Akampita Nyamizi miguuni, akaenda kujilaza kwenye magurudumu ya mkeshaji, aliyekuwa pembeni akichajiwa.

Kalunde akacheka sana. Kisha akauona uso wa mdogo wake, akaacha.

"Mdogo wangu, usiku anaamka nani?"

"Mashine, dada. Si ndiyo kazi yake?"

"Basi mama yake ni huyo. Wewe ulikuwa unanikojolea mgongoni, unajua? Kila usiku. Nilikuwa nachukia! Sasa huku nalala peke yangu, na hicho ndicho ninachokikumbuka."

Usiku ule Nyamizi alimzima mkeshaji.

Karanga alipoamka, alilia. Nyamizi akatoka chumbani akimbembeleza, "Pole, mwanangu, niko hapa." Mtoto wa mbwa akakimbilia kwenye mashine, akaikwaruza, akaitazama juu akingoja inyanyue mikono. Kila Nyamizi aliposema neno, Karanga alizidi kuikwaruza. Nyamizi alishikwa na uchungu, halafu na wivu, wivu wa kweli, juu ya chuma alichokikaza boliti kwa mikono yake. Ndipo akaelewa. Sauti aliyokuwa akiitumia haikuwa yake tena.

Akafunga mdomo. Akajilaza sakafuni karibu na mashine, juu ya marumaru baridi, akanyoosha mkono ulionuka vitunguu vya chakula cha jioni. Mbavu zilimuuma. Alijiona mjinga, mtu mzima na elimu yake yote, amelala chini akimwomba mbwa bila kusema.

Baada ya muda mrefu pua ndogo yenye unyevu ikagusa vidole vyake. Ikanusa kiganja, ikanusa kiwiko. Karanga akapanda kifuani kwake, akazunguka, akatulia. Kisha joto likapenya kitenge, likateremka ubavuni hadi sakafuni.

Nyamizi hakusogea. Machozi yalimtoka, na jina la Karanga lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza. Angelitamka tu, mtoto angeruka na kumkimbilia yule mwingine.