Majina Matatu Mfukoni

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa suruali. Mume wangu, Crisanto, alianza kufua suruali zake mwenyewe.

Kwetu Negros, kisiwa cha Ufilipino, wanaume hukata miwa na kuipakia kwenye malori. Wake zao tunafua kijitoni kila Jumamosi. Suruali ya shamba ni nzito, imejaa masizi ya majani yaliyochomwa. Hakuna mwanamume anayeigombania. Wangu aliigombania.

"Acha, Merlinda. Nitafua mimi. Wewe pumzika."

Kijitoni, jirani yangu Nilda alichungulia beseni langu.

"Haya, bibie! Suruali ya bwana iko wapi?"

"Anafua mwenyewe," nilisema kwa sauti ndogo.

"Mwenyewe? Jamani! Huyo anafua manukato ya watu!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi si msemaji. Niliinama nikasugua shati lile lile mara tatu.

Tangu siku hiyo nilishikwa na wivu. Kila Jumamosi Crisanto alikwenda mjini. Alirudi mchangamfu, akanitania, akamrusha mtoto juu. Ikifika Alhamisi alikuwa mkali. Alitokwa jasho hata akiwa amekaa kivulini. Wali aliusukuma pembeni. Nikasema moyoni, ana hamu na mtu huko mjini.

Jumamosi moja, alipokuwa anaoga, niliichukua suruali yake. Mfukoni mlikuwa na karatasi tatu zilizokunjwa. Mwandiko wa mbele sikuweza kuusoma. Lakini nyuma kulikuwa na majina, na majina niliyasoma vizuri. Jocelyn. Arlene. Vicky.

Wanawake watatu!

Nilikwenda moja kwa moja kwa Dada Purita, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Nilijifanya nataka kupimwa presha.

"Mbona imepanda hivi?" aliuliza. "Umekimbizwa na mbwa?"

Nikampa zile karatasi, nikamweleza pia jasho na ukali wa kila Alhamisi. Alizitazama akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Hawa si wapenzi wake, mdogo wangu. Ni wauzaji wa maduka ya dawa. Wakiuza, huandika nyuma jina lao na idadi ya vidonge. Hii ni karatasi moja ya daktari, imetolewa nakala. Angalia tarehe. Mwezi wa pili."

Mwezi wa pili Crisanto aliteleza kwenye ubao wa kupandia lori, na mzigo wa miwa begani. Aliumia mgongo.

"Daktari alimwandikia dawa kali ya maumivu, ya siku kumi tu," alisema Dada Purita. "Sasa ni mwezi wa tano. Ananunua duka hili, kesho lile. Zikipungua, ndipo jasho na ukali. Mwili wake umeizoea."

"Basi leo hii nazimwaga kijitoni dawa zote!"

"Usithubutu! Akikatishwa ghafla ataugua vibaya. Daktari ndiye atakayempunguzia kidogo kidogo. Akizidisha anaweza kuanguka kifafa, tena juu ya ubao ule. Na anakunywa tembo?"

"Jumapili, na wenzake."

"Dawa hii na pombe pamoja vinaweza kumkata pumzi usingizini. Mwambie leo. Akizidiwa na usingizi, asiamke ukimwita, au akipumua kwa shida, usingoje. Mkimbizeni hospitali."

Nilikuwa nimeogopa kuachwa. Sikujua kwamba ningeweza kumzika.

"Usimwendee kwa makelele," alisema. "Mwambie ulichokiona, si unachodhani. Ni ugonjwa, na unatibika."

Njia nzima nilijizoeza maneno mazuri. Nilipofika nilizitupa karatasi mezani, karibu na samaki mkavu.

"Arlene ni nani?"

Crisanto alizitazama. "Arlene? Bibi wa watu mwenye meno mawili?" Akacheka. Kisha akafunika uso, mabega yakaanza kutikisika.

"Bila vidonge siwezi kupanda ubao," alisema. "Nyapara angempa mwingine nafasi yangu. Na wewe ungeniona nusu mtu."

"Ningekuona na mgongo mbovu," nilijibu. "Huo nilishauona."

Jumatatu tulikwenda pamoja kituo cha afya. Crisanto alimweleza daktari ukweli wote, idadi na maduka. Daktari hakumgombeza. Alimpangia kupunguza kidogo kidogo, akamfundisha mazoezi ya mgongo, akamkataza pombe. Akamwandikia nyapara barua ili apewe kazi nyepesi. Vidonge alivitunza Dada Purita. Kila asubuhi Crisanto alikwenda kuchukua vya siku hiyo.

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na siku za kutetemeka na kuharisha. Siku moja alivunja bakuli kwa hasira. Wiki ya tatu alipewa vidonge viwili na mwenzake shambani, maana wapakiaji hugawana vidonge kama sigara. Alivimeza. Lakini jioni alinieleza mwenyewe, na kesho yake tukarudi kwa daktari.

Msimu wa kupanda ulipofika, Crisanto alikaa nasi wanawake kukata vipande vya miwa ya mbegu. Nilda hakukosa la kusema.

"Karibu chamani, mama Crisanto! Sketi umeiacha nyumbani?"

"Nimeifua, haijakauka," alijibu Crisanto. Nilda mwenyewe akacheka mpaka akaangusha panga.

Sasa miezi miwili imepita bila kidonge kile. Siku za mvua mgongo bado unamuuma. Anasema, nami namkanda kwa mafuta ya nazi.

Jumamosi iliyopita aliitia suruali yake kwenye beseni langu. Mifuko ilikuwa imegeuzwa nje. Nilitaka kunyamaza kama kawaida yangu. Sikunyamaza.

"Crisanto, zile Jumamosi ulizokuwa unarudi unacheka, mimi nilizipenda. Nilijua si kawaida yako. Niliogopa kuuliza, kicheko kisije kikaisha. Kuwaonea wivu wanawake nisiowajua kulikuwa rahisi kuliko kukuuliza wewe unaumwa nini."