Efrazia Aenda Kupeleleza Dhahabu

Kila Jumamosi Efrazia alimsaidia mama yake, Esta, kuuza chakula machimboni, nje kidogo ya mji wa Tarime. Tangu dhahabu ionekane pale, watu walimiminika kutoka kila upande, na wote walihitaji kula. Jumamosi hiyo sufuria ya makande ilikuwa imejaa, na wachimbaji walikuwa wameshaketi kwenye mabenchi.

Efrazia alikuwa na kazi ya shule pia. Mwalimu Elibariki alikuwa amewaambia darasa la sita, "Chagueni kazi moja, mkachunguze inavyofanyika." Lakini Efrazia, jamani, alipenda maneno makubwa! Redioni alikuwa amesikia "upelelezi unaendelea", akaona neno hilo ndilo lenye hadhi.

Akasimama mbele ya mabenchi. "Shikamooni! Leo nimetumwa kuwapeleleza."

Lo! Kufumba na kufumbua, mabenchi yalikuwa matupu. Mmoja alikimbia na sahani yake. Baadhi yao leseni zao zilikuwa hazijatoka, na neno lile lilinuka polisi.

"Wewe Efrazia! Umewaambia nini wateja wangu?" mama alifoka. "Makande yote haya atakula nani? Na kesho si watakwenda kula kwingine?"

Efrazia aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga. Akamfuata Werema, mchimbaji aliyekuwa amejibanza nyuma ya viroba vya mchanga.

"Mjomba, mimi sijatumwa na polisi. Mwalimu ametuambia tuchunguze kazi moja, nami nimechagua mnavyoosha dhahabu."

"Sasa si ungesema unataka kujifunza!"

"Nilidhani kupeleleza na kuchunguza ni kitu kimoja."

Werema alicheka mpaka akashika mbavu. "Mpelelezi gani anaamkia watu kwanza? Oya, rudini! Ni mtoto wa shule huyu!"

Wakarudi mmoja mmoja, wakitaniana nani alikimbia zaidi. Yule wa sahani aliomba aongezewe. Walipomaliza kula walimwonyesha Efrazia mchanga unavyooshwa, akauliza maswali mpaka wakachoka kujibu.

Jioni sufuria ikiwa tupu, mama alimwita.

"Sikia, mwanangu. Anayechunguza anatafuta kujua jambo, hata mbele ya watu. Anayepeleleza huwafuatilia watu kwa siri, akitafuta kosa. Usichague neno kwa ukubwa wake. Watu hawaoni ulichokusudia moyoni, wanasikia ulichosema."