Gurudumu la Nyuma

Kila siku kengele ya mapumziko ilipolia, tulikimbilia dukani kununua biskuti. Hakuna aliyekula kwa njaa. Ndani ya kila pakiti mlikuwa na picha ya sehemu moja ya baiskeli: usukani, kiti, fremu, gurudumu la mbele au la nyuma. Ukikusanya zote tano, unapewa baiskeli ya kweli.

Binamu yangu Kidoti alikuwa na nne. Mimi nilikuwa na tatu, na wivu ulinikereketa roho. Baba yake, yaani mjomba wangu, alifanya kazi katika kiwanda kilichochapa picha zile, basi nikaamini anapendelewa.

"Bado gurudumu la nyuma tu," Kidoti alisema kila siku. "Maji nimeshayavulia nguo."

Ijumaa, alipokwenda kufuta ubao, nilichomoa fremu yake kwenye daftari. Sasa mimi ndiye niliyekuwa na nne, lakini furaha haikuja. Kidoti alipekua mkoba, akainama chini ya madawati yote, akalia mpaka kwikwi ikamshika. Nami, bila haya, nikajifanya kumsaidia kutafuta.

Jioni mjomba alikuwa akitutilia madaftari majalada mapya. Hutumia karatasi zilizoharibika kiwandani, upande wenye chapa akiugeuza ndani. Alipobandua jalada langu kuukuu, niliona usukani, viti, fremu na magurudumu ya mbele, safu kwa safu. Nililitafuta gurudumu la nyuma mpaka pembeni.

"Mjomba, la nyuma liko wapi?"

"Halimo. Magurudumu ya nyuma tulichapa karatasi moja tu, kwa nchi nzima. Sehemu hizi nyingine mashine ilizichapa wiki nzima."

"Sasa mbona wamefanya hivyo?" Kidoti aliuliza.

"Mwenye moja hukata tamaa mapema. Mwenye nne hujiona yuko mlangoni, kesho atanunua tena. Darasani kwenu wenye nne ni wangapi?"

Tulihesabu kwa vidole, vikatuishia.

Mbele yetu palikuwa na fremu kama thelathini. Kidoti hakugusa hata moja. "Yangu ilikuwa na doa la wino," alisema polepole.

Niliitoa mfukoni, na doa lake. "Ni mimi niliyeichukua. Nilikuonea wivu. Nisamehe."

Mjomba aliweka mkasi chini.

"Umemwibia dada yako karatasi ninayofunikia madaftari," alisema. "Wenye biskuti waliwatia hamu kwa makusudi, na hilo ni lao. Lakini mkono ulioingia kwenye daftari la mwenzako ni wako. Mtu akikuonyesha kitu kwa mbali kila siku, jiulize anafaidi nini ukikikimbilia. Na usimkanyage mwenzako njiani."

Jumatatu kengele ililia, wenzetu wakatimka kwenda dukani. Nilibaki nimekaa, nikiona aibu. Kidoti naye hakutoka. Baada ya muda alisogea kidogo kwenye dawati lake, akanipisha nikae kando yake.