Utamu wa Ovaroli ya Baba

Jamani, nyumba ya fundi betri ilikuwa nyumba ya vicheko. Binti yake wa miaka minne aliongea tangu alfajiri mpaka usingizi umzibe mdomo, ndiyo maana wakamwita Kasuku. Jioni alimrukia baba yake mlangoni, akauzika uso wake kwenye ovaroli, naye fundi akamzungusha mpaka vumbi la kijivu likatimka. Mama alikuwa akiwatazama huku akicheka. Furaha yake yote ilikuwa pale.

Kisha Kasuku akaanza kunyamaza.

Alisahau majina ya rangi. Akakataa chakula, akalia tumbo linamsokota. Adhuhuri moja mama alimkuta nyuma ya mlango, palipotundikwa ovaroli, akiilamba mikono ya ovaroli hiyo taratibu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Tamu," akajibu bila kugeuka.

Mama alimgeuza upande wake. Alipomfungua kinywa aliona mstari wa buluu kwenye ufizi, kama uliochorwa kwa kalamu.

Majirani nao, hawakosi la kusema. Huyu kasema mtoto kachezewa na wachawi, yule kasema nyumba ina wenyewe wasioonekana. Ikafika mahali mama akaogopa kulala karibu na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Labda ni hiyo kazi yako," alimwambia mumewe. "Kutwa unayeyusha mabamba ya betri, unaturudia na vumbi lake."

"Marehemu baba kaifanya mpaka kazeeka. Vumbi halikumuua."

"Kazeeka mikono inatetemeka, baba Kasuku. Hata jina lako alilisahau."

Fundi alivuta shuka, akageukia ukutani.

Kasuku aliposhikwa na degedege, wakakimbilia hospitali. Daktari alisoma majibu ya damu, akauliza, "Nani kwenu anashughulika na betri?"

Fundi akainua mkono.

"Ni risasi, ile metali ya ndani ya betri. Baadhi ya chumvi zake ni tamu ulimini. Mwili huidhania madini ya kujengea mifupa, ukaiweka akiba. Mtoto huyu anakukumbatia sana?"

Fundi alitazama viganja vyake, akalia mbele za watu.

Dawa zilimwokoa Kasuku, ila maneno yake mengi hayakurudi. Siku hizi fundi huoga na kubadili nguo karakanani. Jioni ya kwanza alifika akinukia sabuni, akapiga magoti, akafungua mikono. Kasuku alimsogelea polepole, akamnusa shingo, akamlamba shavu. Akarudi nyuma ya mama yake.

"Huyu siyo baba," alisema. "Baba ni mtamu."

Funzo

Ndugu zangu, si kila kitamu ni chakula, wala si kila balaa ni jini. Ukifanya kazi ya sumu, iache kazini: oga, badili nguo, ndipo umkumbatie mwanao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba ile mkuu alikuwa mke, na guu lililovunjika lilikuwa la mtoto.