Anayeishi Mtaa wa Mlozi

Ofelia Barragán alikuwa akipakua maharage katika jiko la shule pale habari ilipoingia kwamba diwani Anselmo Furtado amefariki. Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Ukungu wa bondeni ulikuwa umelala mpaka kwenye vioo vya madirisha, na watoto walikuwa wakisukumana kwenye foleni. Mzee Furtado alikwenda kukamua ng'ombe wake alfajiri, akakaa juu ya ndoo apumzike kidogo, hakuinuka tena. Wapishi wakaacha miiko, wakafanya ishara ya msalaba. Ofelia naye akafanya. Lakini sitaficha, kwa kuwa yeye mwenyewe hakunificha mimi jirani yake: kabla hajamaliza kumwombea marehemu, alishaanza kupiga hesabu za kura.

Sababu yake ilikuwa mama yake, Mama Eulalia, aliyekuwa akiishi Los Sauces, kule kwenye nyumba za magurudumu nje kidogo ya mji. Kisima cha kule kilikuwa kinatoa maji ya rangi ya chai, yananuka kama yai lililooza. Daktari alishamwambia Ofelia waziwazi: mama akiendelea kunywa yale maji, figo zitakufa, na yeye atazifuata. Kwa miaka mingi watu wa Los Sauces walikuwa wakililia bomba la mji. Baraza letu la Santa Rufina lina madiwani watano, meya akiwa mmoja wao, na mzee Furtado ndiye alikuwa kura ya tatu ya kuvuta bomba. Sasa walibaki wanne. Wawili wanataka, wawili hawataki.

Kwetu diwani akifa, waliobaki wana siku sitini za kumteua mtu amalizie muda wa marehemu. Wakishindwa kuelewana, unaitishwa uchaguzi. Mtu yeyote anaweza kuomba, mpishi au tajiri, mradi awe anaishi katika kata ileile ya marehemu.

Ofelia hakuwa anaishi kata ile. Reli ndiyo ilikuwa mpaka, na nyumba yake na mumewe Rogelio ilikuwa upande wa pili wa reli.

Duarte, mpwa wa marehemu, ndiye aliyempa njia. Walikutana nje ya kanisa baada ya maziko.

"Dada Ofelia, andika anwani ya mjomba," alimwambia. "Mtaa wa Mlozi. Nyumba imekaa tu, siuzi mpaka mambo ya urithi yaishe kortini. Nani atakuja kukuchungulia kama umelala?"

"Na kiapo, Duarte?"

"Wanasiasa wote wanaapa. Ushawahi kusikia radi?"

Akacheka. Ofelia hakucheka, lakini jioni ile akaandika Mtaa wa Mlozi.

Waombaji waliohojiwa walikuwa wawili tu, mbele ya watu wote, kila mmoja akisubiri nje ukumbini wakati mwenzake anaulizwa. Mwingine alikuwa Brent Tackett, dalali wa nyumba, mwenye meno meupe na koti la ngozi, aliyetaka maji yaende kwenye nyumba mpya atakazouza. Baraza likapiga kura, wawili kwa wawili. Likapiga tena wiki iliyofuata, ikawa vilevile. Siku ya mwisho ya zile sitini, meya Lorraine Hagopian akavua miwani, akasugua macho.

"Jamani, uchaguzi utakula hela ya zimamoto. Mimi nimechoka. Mama Barragán, nikuulize jambo moja tu. Unaishi kata ya tatu, kata ya marehemu?"

Ofelia alimwona mama yake amekaa mstari wa nyuma, uso umevimba chini ya macho.

"Naishi."

"Wapi?"

"Mtaa wa Mlozi."

Meya akainua mkono. Kura tatu. Palepale karani akamsimamisha Ofelia, naye akanyoosha mkono wa kulia, akaapa kwa jina la Mungu. Alipokuwa akishuka, mwanasheria wa mji akampa mkono na kumwambia, nusu kwa utani, "Kumbuka tu, Diwani. Sheria inampa mtu makazi mamoja. Hawi na mawili. Na makazi yake ni pale anaporudi."

"Naelewa," alisema Ofelia.

Hakuwa ameelewa.

Siku chache baadaye alikuwa dukani akichagua vitunguu. Mzee Gurdial, Mpunjabi aliyekuwa akiishi jirani na nyumba ya Furtado, akamsogelea na kilemba chake cha bluu.

"Diwani, hongera. Na asante kwa salamu za jana. Lakini nikukosoe kama baba yako?"

"Nikosoe, mzee wangu."

"Washa taa. Mtu hakai dirishani gizani vile. Mke wangu ameshtuka."

Ofelia akataka kusema kwamba jana jioni alikuwa kwake, amekaa na Rogelio, wanatazama mpira. Akaishia kumshukuru. Akadhani mzee amechanganya watu. Halafu, Mungu amsamehe, akafurahi. Maana Tackett alikuwa ameshapeleka malalamiko kwamba diwani mpya haishi katani, na mji ulikuwa umemtuma mkaguzi apite nyumba kwa nyumba.

Mkaguzi akapita. Mtaa wa Mlozi mzima ukatoa ushahidi. Huyu anamwona akifagia kibaraza. Yule anamsikia akiimba asubuhi. Mtoto mmoja alimrushia mpira, naye akaurudisha. Tackett aliambiwa aache chuki, na watu wa Los Sauces wakamwandalia Ofelia tamale za kuku, zile za unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake.

Alizila. Lakini hazikushuka vizuri, kwa sababu alikuwa hajawahi kukanyaga kibaraza kile.

Nyumbani mambo yakaanza kidogokidogo. Mbwa wao aliacha kumkimbilia getini. Alisimama mbali, masikio yamelala, anamwangalia kama anavyomwangalia mleta barua. Asubuhi moja Rogelio aliteremsha kahawa, akamimina kikombe kimoja.

"Na changu?"

Rogelio akashtuka. "Aa. Samahani, mama. Sikukuona."

Mama. Mume aliyemwita "gorda", yaani mnene wangu, tangu walipokuwa wakichuma zabibu pamoja. Ofelia akalazimisha kicheko. "Umezeeka, bwana wewe!" Rogelio naye akatabasamu, tabasamu la heshima, lile la kumpa mgeni.

Jumapili akaenda Los Sauces na madumu ya maji ya dukani. Mama Eulalia alikuwa amejifunika blanketi.

"Umerudi tena, mwanangu? Si ungepumzika."

"Tena? Wiki nzima sijaja, mama."

"Acha mzaha. Jana ulinichana nywele." Bibi akashusha sauti, akamshika vidole. "Afadhali leo una joto. Jana mikono yako ilikuwa ya baridi mpaka nikalia."

Ofelia akatoka nje, akampigia simu Duarte. "Nani uliyempa ufunguo wa nyumba ya mjomba wako?"

"Hakuna."

"Duarte, usinitanie."

"Dada, hata wewe sijakupa! Hukuwahi kuomba. Umeme umekatwa, maji yamekatwa, na ufunguo uko hapa mfukoni mwangu. Kuna nini?"

Akakata simu. Akaendesha gari mpaka Mtaa wa Mlozi.

Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuiona nyumba mpaka alipofika kwenye ngazi zake. Kibaraza kilikuwa safi. Kimefagiliwa karibuni, mistari ya ufagio inaonekana. Akasali kimoyomoyo. Akagonga.



Akagonga tena. Ndani, kiti kikasogezwa. Hatua zikaja taratibu, zikasimama nyuma ya mlango.

"Nani?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Si inayofanana na yake. Yake, na ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo wiki ile.

"Ofelia," alinong'ona.

Palepale nyuma ya mbao, mtu akavuta pumzi.

"Ofelia anaishi hapa," sauti ikasema, polepole, bila ubaya wowote. "Wewe unaishi wapi?"

Alikimbia. Aliacha kiatu kimoja kwenye ngazi, na hakukirudia.

Alikwenda kanisani aungame. Akasimama nje ya kile kijumba cha maungamo, mkono kwenye pazia, akaona kwamba padre atamwambia lile analolijua tayari: nenda ukaseme kweli mbele ya wale uliowadanganya. Na akisema kweli, kiti kinabaki wazi, na kura ya bomba ilikuwa Alhamisi. Mama hangesubiri siku sitini nyingine. Akaachia pazia.

Lakini usiku wa Jumatano Rogelio alimtandikia kochi. Kwa upole. Akampa na taulo safi. "Jisikie nyumbani," alimwambia, akaenda kulala, akafunga mlango wa chumba chao. Ofelia akakaa gizani akilia, akakata shauri. Kesho atasimama barazani aseme yote. Bomba au si bomba. Anataka kurudi kwake.

Alhamisi ukungu ulikuwa mbaya kuliko siku zote. Magari yalitambaa. Ofelia alifika ukumbini amechelewa, akasukuma mlango, akaona watu wa Los Sauces wamejaa, kila mmoja ameshika chupa ya maji ya kisima chake. Akatazama mbele, kwenye viti vya madiwani.

Vyote vitano vilikuwa na watu.

Kwenye cha tatu alikaa Ofelia. Alivaa sweta yake ya kijani. Nywele alizifunga vile anavyozifunga siku za Pasaka. Alikuwa akimsikiliza mhandisi kwa makini, kidole shavuni.

Hakuna aliyeshangaa. Watu walimpisha yule wa mlangoni kama wanavyompisha mtu yeyote aliyechelewa. Miguu yake ikampeleka kwenye foleni ya wananchi wanaotaka kusema. Zamu yake ikafika. Akashika kipaza sauti.

Meya Hagopian akamtazama juu ya miwani. Hakumtambua. "Karibu, mama. Jina lako, na unapoishi."



Ofelia akafungua mdomo. Yule wa kwenye kiti akageuza uso, akamwangalia. Hakutisha. Macho yalikuwa yakingoja tu, kama ya mtu aliyeachiwa nyumba ya watu na mwenyewe amerudi. Ofelia angemkana, yule angeondoka. Ofelia alilijua hilo kama alivyojua jina la mama yake. Neno moja tu, na kiti kinabaki tupu.

Nyuma yake mtu akakohoa. Alikijua kikohozi kile. Akageuka. Mama Eulalia alikuwa amekaa pembeni, chupa ya maji ya chai mapajani, midomo imepasuka. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama binti yake, pale mbele, kwa fahari.

"Mama?" alisema meya. "Unaishi wapi?"

"Sina la kusema," alijibu Ofelia. Akarudi nyuma.

Karani akaita majina. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Hapana. Kisha akaita Barragán, na sauti ya mafua ikasema, "Ndiyo."

Watu wakalipuka. Chupa zikapigwa kwenye viti, wanawake wakakumbatiana. Mama Eulalia aliinuka kwa taabu, akajikongoja mpaka mbele, akapita karibu kabisa na Ofelia, bega likagusa bega.

"Samahani, binti," alimwambia.

Akaenda kumkumbatia yule mwingine.

Maisha yale yaliendelea mpaka muda wa marehemu Furtado ulipokwisha. Ofelia alilala kwenye kochi la mumewe kama mgeni aliyehurumiwa. Bomba likafika Los Sauces. Akawa anasimama mbali akimwona mama yake akijaza birika, rangi imemrudia usoni, na hakusogea. Mwezi wa kumi na moja watu walipiga kura, akachaguliwa diwani mwingine. Asubuhi ambayo huyo mpya aliapa, Rogelio alitoka chumbani, akamkuta kwenye kochi, akasema, "Gorda, kwa nini umelala huku? Tumegombana?"

Alilia mpaka mbwa akaja kumlamba mikono. Siku hiyohiyo akaenda kuungama, na safari hii akaingia.

Ilipofika majira ya baridi Duarte alipata mnunuzi wa nyumba. Ofelia akamwomba waingie pamoja, mchana, na rozari mkononi. Ufunguo ukagoma, kisha ukakubali. Ndani vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu, zulia la kijivu lisilo na alama ya unyayo. Meza. Kiti. Kitanda cha mzee. Hakuna aliyekaa pale tangu afe.

"Umeona?" alisema Duarte. "Hamna kitu."

Kisha akanyoosha kidole.

Kwenye dirisha la mtaani vumbi lilikuwa limefutwa kwa duara, kimo cha uso. Na ndani ya duara lile, upande wa ndani wa kioo, palikuwa na ukungu mdogo wa pumzi. Ulitanda. Ukasinyaa. Ukatanda tena.

Mbele ya dirisha hapakuwa na mtu.

Ofelia alitazama kwa muda, akagundua kwamba unakwenda sawasawa na kifua chake. Akivuta, unasinyaa. Akitoa, unatanda. Duarte naye akaliona hilo, akamshika mkono kwa nguvu.

"Zuia pumzi," alinong'ona.

Ofelia akaizuia.

Ukungu uliendelea kutanda.